Mamluki anapewa elfu 30, nahodha anapewa soda

Shikamoo shangazi,

Nasoma barua za wenzangu hapa kila wiki, leo imefika zamu yangu.

Nina miaka 22, nipo mwaka wa pili wa stashahada kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Chuo sikitaji kwa sababu bado nataka kumaliza. Nyumbani ni Makorora, mama anauza kachori na bajia, baba hatuko naye. Nacheza namba sita na ndimi nahodha wa timu ya chuo.

Nilikuja chuoni kwa sababu ya mpira. Mwalimu wa michezo aliniona kwenye ndondo mtaani, mechi ilipoisha akanifuata, akasema njoo kwetu, nusu ya ada tutakupunguzia, kazi yako kucheza tu. Hatukuandikiana chochote. Tulikuwa tumesimama kando ya uwanja, mimi navua njumu. Mwaka wa kwanza kweli nililipa nusu na sikusumbuliwa na mtu.

Mwezi uliopita, nusu fainali, beki wao aliniingia kwa nyuma. Goti likalia "ka", nikalisikia kabla sijafika chini. Daktari hatukuwa naye. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji moja na mkasi. Mwalimu akamwita mtoto aliyekuwa anauza barafu za ukwaju pale uwanjani, zikanunuliwa nne, nikakandwa nazo. Zilipoyeyuka mguu mzima ukawa unanata sukari, nzi wakanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Hospitali aliyelipa ni mama, picha na dawa 85,000, hela aliyokuwa ameiweka ya ngano na mafuta.

Wiki mbili baadaye nikaitwa kwa mhasibu. Anasema punguzo langu halipo kwenye faili, nadaiwa nusu ya ada, nisipolipa sipati namba ya mtihani. Mwalimu wa michezo nikimwambia anajibu, "Tutaliweka sawa ukirudi uwanjani."

Kinachoniuma zaidi ni mamluki. Tangu robo fainali wanaletwa vijana wawili wa mtaani, si wanachuo, wanapewa vitambulisho vya watu wengine, na kila mechi kila mmoja anaondoka na elfu 30. Nimeona kwa macho yangu hela zikihesabiwa nyuma ya gari. Sisi tunapewa soda na chapati mbili. Fomu ya wachezaji nasaini mimi, halafu mamluki anapanda bodaboda na mimi narudi Makorora kwa mguu.

Kama hiyo haitoshi, picha yangu nimenyanyua kombe la mwaka jana imewekwa kwenye bango la kutangaza nafasi za masomo, barabarani kabisa. Mama alilipita akiwa kwenye daladala, akafika nyumbani ananiuliza nimelipwa shilingi ngapi.

Fainali ni baada ya wiki tatu, Mkwakwani, kiingilio buku. Wenzangu wanataka tugome, tusiingie uwanjani mpaka kila mtu apewe elfu 50. Mmoja wetu anasema Marekani siku hizi wanachuo wanaocheza wanalipwa mamilioni, kwa nini sisi tusilipwe? Mjomba wangu, aliyecheza enzi zake, anasema tuache tamaa, mpira wa chuo ni heshima, na kwamba Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alicheza kikapu cha chuo huko huko Marekani bila mshahara na NBA, ligi yao kubwa ya kulipwa, akafika. Mimi nipo katikati. Je, ni haki mwanachuo alipwe kwa kucheza? Na nigome au nisigome?

Nahodha Anayechechemea,
Makorora, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana na goti.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili ni kwa ajili ya sentensi moja uliyoipitisha upesi upesi katikati ya hasira za elfu 30: kwamba fomu ya wachezaji unasaini wewe. Tuanzie hapo. Marekani itatusubiri.

Ile fomu inasema majina yaliyomo ni ya wanachuo, na anayesema hivyo ni aliyesaini. Fainali ya Mkwakwani ina macho mengi. Kuna watu wa Ngamiani watakaomtambua yule kijana wao kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Wapinzani wakikata rufaa hakuna atakayeuliza nani alihesabu hela nyuma ya gari. Itawekwa karatasi mezani, chini yake jina lako. Watakwambia nahodha ndiye anayewajua wenzake. Na kuingia uwanjani kwa kitambulisho cha mtu mwingine ni udanganyifu ambao chuo kinaweza kumfukuzia mtu, ilhali mamluki hana chuo cha kufukuzwa. Kwa hiyo fomu ya fainali ikija na majina yale, usiisaini. Mwambie mwalimu kwa upole, mbele ya mwenzako mmoja: "Mwalimu, hii siwezi." Kisha nenda mwenyewe kwa Mshauri wa Wanafunzi ukaseme kuhusu zile mbili ulizokwisha kusaini, kabla hujaitwa. Itakuwa aibu, najua. Ukiitwa itakuwa aibu zaidi, tena utakuwa umechelewa.

Sasa haki.

Mjomba wako namheshimu, na naujua ugonjwa wake. Niliolewa na mtu wa Coastal Union. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa nchi, mume wangu hakuonekana nyumbani siku mbili, na aliporudi hakuwa na sauti wala kiatu kimoja. Watu wa namna hiyo ukiwatajia pesa na mpira kwa pamoja wanaona umetukana. Lakini angalia neno tunalotumia wenyewe. Mchezaji asiyelipwa kwa Kiswahili anaitwa mchezaji wa ridhaa. Ridhaa maana yake umeulizwa ukakubali. Wewe uliridhia nini? Uliridhia kucheza kwa nusu ada. Bango hukuulizwa. Mama yako kulipia goti kwa hela ya ngano hakuulizwa. FIFA yenyewe kwenye kanuni zake za wachezaji haitaji heshima wala mapenzi. Mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayepata zaidi ya gharama anazoingia kwa ajili ya mpira, waliobaki wote ni wa ridhaa. Maana yake nauli, viatu na matibabu unaweza kurudishiwa na ukabaki wa ridhaa vile vile. Hata tukimpa mjomba ushindi wa mchana kutwa, soda na chapati mbili haziponi hapo.

Kuhusu Hasheem Thabeet amesema kweli, ila kaiacha nusu nyingine. Thabeet alicheza University of Connecticut mpaka 2009, kisha Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa NBA mwaka ule. Kabla yake tulikuwa na Suleiman Nyambui pale University of Texas at El Paso, aliyeshinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya hapo akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Enzi zao mshahara ulikuwa marufuku. Lakini ufadhili kamili wa michezo kule ni ada, chumba na chakula, na umeandikwa kwenye karatasi yenye sahihi. Sidhani kama yupo aliyemkanda Thabeet kwa barafu za ukwaju.

Na huyo mwenzenu wa mamilioni naye kasikia mkia wa habari. Nikusimulie kichwa chake, maana kinafanana na chako. Mwaka 1955, Colorado, kijana anayeitwa Ray Dennison aliumia kichwa akiichezea timu ya chuo kidogo cha Fort Lewis, akafa. Mkewe akaomba fidia anayopewa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima mwaka 1957, ikasema chuo hakifanyi biashara ya mpira. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikawa kimeshika neno jipya: hawa si wafanyakazi, ni "wanafunzi-wanamichezo". Aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 hadi 1987, Walter Byers, alikuja kukiri mwenyewe uzeeni kwamba neno lile lililetwa kwa hofu ya madai ya fidia. Umeona lilipoanzia? Kwa mwili ulioumia na bili isiyo na mwenyewe. Hata kwetu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa walioajiriwa, na wewe chuo hakijakuajiri.

Kisha likaja bango. Kwao lilikuwa mchezo wa kompyuta. Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa vyuo mwaka 1995 akiwa na chuo cha UCLA, alikuta kwenye mchezo unaouzwa dukani mchezaji anayefanana naye mpaka upara na namba ya jezi, na yeye hajapata hata senti. Akaenda mahakamani mwaka 2009. Baada ya kesi yake ikaja ya mchezaji mwingine, Alston, na Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakawapa wachezaji ushindi dhidi ya NCAA. Siku chache baadaye, Julai 1, wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa wenye matangazo. Malipo kutoka chuo chenyewe yameruhusiwa juzi tu, tangu Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi nyingine. Kwa mwaka wa kwanza, 2025/26, chuo kinachotaka kiliruhusiwa kugawia wachezaji wake wote kwa jumla mpaka dola milioni 20.5. Kinachotaka, nimesema. Fungu kubwa linakwenda kwa wanaume wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu, muogeleaji anabaki kutazama. Na hela hizo zinatoka kwenye televisheni. Mashindano yao ya kikapu ya mwezi Machi peke yake yanalipiwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka.

Kwenu televisheni iko wapi? Tupige hesabu ya Mkwakwani. Wakiingia watu 2,000 kwa buku buku, ni milioni 2. Humo kuna kukodi uwanja, waamuzi, polisi, gari la wagonjwa, wakata tiketi. Ninyi mkiwa 20 na kila mtu anataka elfu 50, ni milioni 1, na wapinzani wenu nao wana miguu kama ninyi. Hamtapewa, na mtaonekana wendawazimu.

Ila kuna hesabu nyingine, ndogo, ambayo hukuipiga. Mamluki wawili, elfu 30 kila mmoja, robo fainali na nusu fainali: laki 1 na elfu 20. Goti lako lilihitaji 85,000. Zingebaki 35,000 na sanduku la huduma ya kwanza lingepata bandeji ya pili. Kwa hiyo usikubali kuambiwa chuo hakina fungu. Fungu lipo, limechagua mtu wa kumfuata.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Ukiniuliza kama mwanachuo alipwe, nasema pale ambapo mtu mwingine anaingiza kitu kwa jasho lake, naye apate. Ukiniuliza kuhusu chuo chenu, mshahara siudai, ni ndoto ya mchana. Nadai punguzo la ada liandikwe na lisife mtu akiumia. Nadai aliyeumia akiichezea timu atibiwe na timu. Nadai mechi isipangwe siku ya mtihani, maana sijaona timu yoyote iliyomsaidia mtu kufanya sapu, ule mtihani wa marudio. Na wanaotumia sura yako kutafutia wanafunzi wapya wakuulize kwanza, wakulipe au wakuongezee punguzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Picha inayokutambulisha ni taarifa yako, una mahali pa kusimama ukiuliza nani aliruhusu.

Kitu kimoja kimenishangaza kwenye barua yako ndefu: wasichana wa netiboli hawamo hata kwa bahati mbaya. Chuo chenu hakina netiboli? Kama inayo, nenda kawaulize jezi zao wanafua wapi na chapati wanapata ngapi. Nina hakika watakucheka. Mkiandika barua waandike nao. Mkidai peke yenu mtakuwa mmejenga Marekani ndogo hapa Tanga, wanaume wawili watatu wa mpira wanakula, wengine wanashangilia.

Mgomo sasa. Usigome siku ya fainali. Si kwamba mgomo ni dhambi. Ninyi hamjawahi kuomba kwa maandishi, na mtu asiyeombwa akigomewa ataitwa mhanga, ninyi mtaitwa wahuni, na wewe mwenye deni kwa mhasibu ndiye utakayedisko, yaani kuondolewa masomoni, wa kwanza. Wiki tatu ni nyingi. Kaeni wote, netiboli wakiwemo, andikeni ukurasa mmoja kwa Mkuu wa Chuo, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi na kwa waziri wa michezo wa serikali yenu ya wanafunzi. Msiitaje elfu 50. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya siku 10, rudini na barua ya pili mseme wazi kwamba hamtacheza mpaka mkutane nao. Hapo mkigoma mtakuwa na muhuri mkononi. Wewe mwenyewe kwa goti hilo hata wasipogoma usicheze, na yule anayekuambia mambo yatakuwa sawa ukirudi uwanjani, muulize daktari yupi kasema urudi.

La mhasibu usiliweke kwenye barua ya wote, ni lako na lina haraka. Ulisema mwaka wa kwanza ulilipa nusu na hukusumbuliwa. Basi kuna risiti za nusu ada, na kuna namba ya mtihani uliyopewa juu ya risiti hizo. Chuo hakimpi mdaiwa namba ya mtihani. Ile nusu nyingine iliandikwa kwenye kitabu kwa jina fulani, iwe msamaha, iwe ufadhili, iwe fungu la michezo. Peleka risiti, muulize mhasibu kwa adabu kabisa: "Mwaka jana mliifunga vipi hesabu yangu?" Halafu nyamaza, mwache atafute. Mwombe na mwalimu wa michezo akuandikie mistari miwili kwamba alikuahidi. Akikataa, andika wewe tarehe, mahali na nani mwingine alikuwa kando ya uwanja siku ile, maana kwenye ndondo hakukosekani mtu.

Risiti ya hospitali iko kwa mama? Iombe leo, utoe kopi mbili steshenari kabla haijaenda kufungia bajia. Na lile bango lipige picha mapema, namba za simu za chuo zilizo chini zionekane.